Kona ya Picha: Bustani Iliyolala Chini ya Nyasi

SWALI: Fundi, nimeombwa picha za angani za jumba la kale huko Uingereza, pamoja na viwanja vyake. Nilirusha droni saa sita mchana, anga haina hata wingu. Picha ni safi, lakini bustani imelala bapa kama mkeka. Je, nipande juu zaidi?

JIBU: Usipande, badili saa. Saa sita jua liko utosini, vivuli vimejikunja, na bila kivuli jicho halijui kipi kimeinuka na kipi kimebonyea. Rudi mara tu jua linapochomoza, au jioni likikaribia kuzama. Hapo hata tuta la kimo cha kiganja, ambalo ukilikanyaga hulihisi, hutupa mstari mrefu mweusi. Mimi niliwahi kuona hivyo barabara ya magari ya farasi iliyofutika zamani, vidole vimekufa ganzi kwenye rimoti. Mchana wa jana yake nilikuwa nimepiga picha zaidi ya mia palepale, nisione kitu!

Kamera nayo iinamishe kiasi, upate uso wa jumba na bustani kwa pamoja. Ukipiga wima tu, utamletea mteja picha ya paa.

Ila kuna siku ya kupiga wima: siku ya ukame. Kiangazi cha 2018, pale kwenye jumba la kale la Chatsworth, Derbyshire, nyasi zilikauka hadi michoro ya bustani ya mwaka 1699, iliyokuwa imefunikwa, ikajitokeza waziwazi. Siri yake ni udongo. Juu ya mawe au changarawe ni mwembamba, haushiki maji, nyasi hugeuka kahawia mapema. Juu ya mtaro uliofukiwa ni mzito, nyasi hubaki kijani. Hapo hata saa sita inavumilika, maana unasoma rangi, si kivuli. Mtunza bustani atakuwa analia, wewe unachaji betri.

Kuhusu kimo, sheria ya kawaida kule ni mita 120 kutoka ardhini. Na kama mali ni ya National Trust, shirika la kule linalotunza majumba na maeneo ya kale, pata ruhusa yao kwanza, la sivyo droni ibaki kwenye begi.

Ukiiona michoro hiyo, piga siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha vizuri, nyasi zinarudi kijani na bustani inatoweka tena.