Starlet inayozimika injini ikipata joto
Ndugu, umeeleza kwamba Toyota Starlet yako ya modeli ya EP82 huwaka vizuri asubuhi, huzimika ghafla baada ya safari ndefu, kisha stata huzungusha injini kwa nguvu bila kuiwasha hadi ipoe; kwa hiyo usinunue betri, kwani betri dhaifu isingezungusha injini hivyo. Mimi ningeanza na koili ya moto, yaani kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi zitoe cheche, ambayo waya wake mwembamba wa ndani hutanuka kwa joto, na palipo na ufa umeme hukatika, kisha hurudi koili ikipoa.

Cheche zipimwe palepale gari linapozima: chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, ilaze igusane na chuma cha injini mbali na petroli, kisha mwenzako apige stata, nawe usiiguse kabisa, maana umeme huo ni maelfu ya volti. Cheche zikikosekana, fundi apime koili ikiwa bado ina joto, pamoja na moduli inayoiendesha (kisanduku cha kielektroniki kinachowasha na kukata umeme wa koili), na akague nyufa kwenye kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme huo kwa plagi. Zikiwepo, huenda tatizo liko upande wa mafuta, hasa pampu na relei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha.