Jibu kwa dada wa Langoni, hapa Amu (Lamu): dawa ya ng'ombe isimguse huyo paka

Usiifungue hiyo chupa. Kama umeshaifungua, ifunge, nawa mikono kwa sabuni, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba paka wa mtaani kazalia chini ya ngazi zenu, watoto ni wanne wa wiki tatu hivi, viroboto wamewajaa, na duka la dawa za mifugo la huko Mokowe limekuuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe, uitie "kifuniko nusu kwa ndoo" na uwaogeshe wote leo magharibi. Ukauliza pia chakula, kuhasi, na lile dume linalokojolea mlango. Hayo yatangoja. Hicho kifuniko nusu hakingoji.

Muuzaji wako ananichoma, na wala si yeye peke yake. Wimbo ni mmoja kaunta nyingi: dawa ni ile ile, ya ng'ombe, ya mbwa, ya paka, we zidisha maji tu. Anauza sumu kama anayeuza kanzu, mkubwa chukua hii, mdogo punguza pindo. Akiulizwa kiambato chake ni nini, anakuonyesha picha ya ng'ombe mbele ya chupa. Pesa keshapokea, na paka akianza degedege usiku wa manane duka limefungwa.

Paka si ng'ombe mdogo, na si mbwa mdogo pia. Ini lake lina upungufu wa vimeng'enya ambavyo wanyama wengine huvitumia kuvunja dawa za jamii ya permethrini, sumu ya wadudu iliyomo katika dawa nyingi za kuogeshea mifugo, na kuzitoa mwilini. Mbwa akipakwa hupona viroboto na kwenda zake. Kwa paka dawa hubaki, inaingia kwenye mishipa ya fahamu na kuifanya ipige bila kupumzika. Dawa za mbwa za kudondoshea shingoni mara nyingi zina permethrini ya 45% au zaidi, na mililita moja tu ya nguvu hiyo kwenye ngozi ya paka mzima wa kilo 4.5 inatosha kuhatarisha maisha yake. Mtoto wa wiki tatu hana hata nusu kilo. Ni ini hilo hilo linalofanya kidonge kimoja cha Panadol kiue paka, kwa hiyo na yule atakayekushauri umpe kidogo "apoe homa" usimsikilize.

Sasa hilo la kuzidisha maji, maana ndilo linalowapoteza watu wenye nia njema. Kwanza, kifuniko si kipimo: kuna cha mililita tano na kuna cha kumi, na "nusu" ya macho yako siyo ya macho yangu. Pili, dawa hizi ni za mafuta. Ukizitia majini utaona maji yanageuka meupe kama tui. Hazijayeyuka, zimetawanyika tu. Maji yakikauka, dawa inabaki kwenye manyoya. Tatu, na hapa ndipo pabaya, paka hujilamba. Mama atajilamba, atawalamba watoto wote wanne, nao watanyonya tumbo lile lile ulilolimwagia. Ulidhani umeweka dawa ya ngozi, kumbe umewalisha.

Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Permethrini, sipamethrini, deltamethrini: kwenye karatasi utaona jina linaishia na "thrin". Ukiliona, na hapana mahali palipoandikwa kwamba ni ya paka, irudishe kwa mwenye ng'ombe. Ikiwa ni amitrazi, sumu nyingine ya kupe, pia irudishe. Hiyo humzubaisha paka, moyo ukaenda polepole na mwili ukapoa. Chunga hata dawa za fipronili, sumu ya viroboto ambayo yenyewe paka huivumilia, kwa sababu zipo za mbwa zilizochanganywa na permethrini ndani ya kichupa kimoja.

Kanuni yangu ni hii na sina nyingine: paka hapakwi, haogeshwi wala hapuliziwi kitu ambacho karatasi yake haikutaja paka, umri na uzito. Vitatu vyote. Muuzaji akisema "hata paka inafaa", mwambie akuonyeshe palipoandikwa.

Najua kuna atakayeandika hapo chini kwamba bibi yake alikuwa akipaka paka mafuta ya taa na hawakufa. Bibi alikuwa na paka wangapi, na wale wasioonekana tena walikwenda wapi? Hapo huwa sijibiwi. Na wale wa "Amu paka tele, wewe unalilia wanne", haya, mimi ndiye msemaji wa paka humu, cheo nimekikubali, mshahara bado.

"Ya asili" nayo isikudanganye. Mafuta ya mwarobaini yasiyochujwa yanaweza kumtia paka mtetemeko, mafuta ya karafuu ni sumu kwa ini lile lile, na pareto ni ua linalolimwa huku kwetu Kenya, tena ndilo ambalo wataalamu waliliiga kiwandani hadi wakapata hizo permethrini. Dawa ya kupulizia mbu ni jamaa wa karibu. Usimpulizie paka, na ukipuliza chumba mtoe kwanza hadi pakauke. Wenye punda mnaonyunyizia kupe, funga zizi paka wasiingie mpaka punda akauke, na shogi (kikapu cha mizigo cha punda) lililolowa msiliache chini, maana paka hupenda kulalia.

Kama kuna aliyekwisha kumpaka, sikiliza. Dalili huanza ndani ya saa chache, lakini zinaweza kuchelewa hata siku tatu, kwa hiyo "mbona jana alikuwa mzima" siyo hoja. Masikio hupepesa, nyayo hutingishika kama zimekanyaga moto, mate humtoka, mboni hupanuka, anapepesuka, kisha mwili mzima hutetemeka na degedege hufuata. Mwoshe mara moja kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu. Ya moto hufungua mishipa ya ngozi na dawa huingia zaidi. Ya baridi humpoza, na mwili uliopoa hutetemeka zaidi. Sugua, suuza, rudia, mkaushe, mfunge kwa taulo asijilambe. Ikiwa degedege limeshaanza usihangaike na beseni, mkimbize kwa daktari wa mifugo kwanza. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala tui "kuua sumu", kwani sumu inayopenda mafuta unaisaidia kupita. Tenga la kuku lenye mfuniko linatosha kumbebea, ulifunike kitambaa apate giza na utulivu. Chupa nenda nayo: daktari anahitaji jina la kiambato, kwa kuwa tiba ya permethrini ni kutuliza misuli na degedege, na sindano ya atropini wanayoijua wengi ni ya sumu za aina nyingine. Mlioko Pate au Siyu, hesabuni na mashua: safari ni ndefu, kuosha kufanyike kabla ya kupanda.

Haya, hao wanne wako. Watoto wa wiki tatu dawa yao ni kitana. Kile cha chawa cha chuma, meno ya karibu karibu, na bakuli la maji ya moto yenye matone ya sabuni. Chana kuanzia shingoni kwenda mkiani, kisha tumbo na makwapa, kila mara unachovya kitana bakulini. Sabuni huwafanya viroboto wazame badala ya kuruka. Asubuhi na jioni. Ukilazimika kuwaogesha, fanya mchana jua likiwa juu, si magharibi na upepo wa kusi, sababu wa umri huo hawezi kujipasha joto. Anza kwa kumzungushia povu shingoni, la sivyo viroboto wote watakimbilia machoni na masikioni. Dakika tatu zinatosha, kisha kausha kabisa kwa kanga kabla ya kumrudisha. Ila tazama fizi kwanza: zikiwa nyeupe badala ya waridi, viroboto wameshamaliza damu, na huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo, haogeshwi.

Mama ndiye wa kupakwa. Tafuta ya paka yenye fipronili au selamektini. Selamektini hutumika hata kwa anayenyonyesha. Tenga manyoya nyuma ya shingo hadi uone ngozi, dondosha hapo asipofikia kwa ulimi, na mweke mbali na watoto mpaka pakauke. Kwa watoto ipo fipronili ya kupulizia inayoruhusiwa hata kwa wachanga, lakini hiyo mwachie daktari aishike.

Na viroboto unaowaona mwilini ni wachache wa ukoo mzima. Mayai hudondoka mkekani na kwenye nyufa za sakafu, na kwa joto na unyevu wa pwani kizazi kipya kinaweza kutoka kwa wiki mbili tatu. Matambara wanayolalia yachemshe kila wiki, mikeka itoe juani, zoa chini ya ngazi mpaka pembeni na vumbi ulichome au ulifunge mfukoni. Usipofanya hivi, utaona wamerudi na utaanza kulaumu dawa. Ukiona punje kama za mchele mkiani, hizo ni tegu zinazoletwa na kiroboto kilichomezwa. Dawa yake ni prazikwanteli, kwa uzito. Minyoo ya kawaida watoto huanza kupewa dawa wiki ya tatu, yaani sasa, kisha kila baada ya wiki mbili hadi waache kunyonya.

Chakula kwa ufupi. Mama mpe samaki aliyechemshwa na kutolewa miba, si mbichi kila siku, kwani baadhi ya samaki wabichi humharibia vitamini B1. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha watoto. Na bunju, yule samaki anayejivimbisha, asiguse, si kichwa, si matumbo. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa, na wavuvi humtupa pale pale paka wanapongojea.

Kuhasi, ndiyo, na mapema: huyo mama anaweza kushika mimba tena hawa hawajaacha kunyonya, na mimba ni wiki tisa tu. Watoto wakianza kula wenyewe, mpeleke. Lile dume likihasiwa nalo mara nyingi huacha kukojolea mlango, ingawa siyo siku ile ile. Mlango uoshe kwa sabuni na siki, usioshe kwa kitu chenye amonia, atadhani ni mkojo wa mpinzani na ataujibu.