Kabla hujaomba feloshipu ya magonjwa ya ndani

Madaktari wanaomalizia ubingwa wa magonjwa ya ndani huku Marekani huniuliza swali moja kila mwaka kuhusu feloshipu ya magonjwa ya ndani kwa jumla, yaani mafunzo ya ziada baada ya ubingwa: kwa nini mtu aliyekwisha kuwa bingwa arudi kusoma miaka 2 kwa posho ya mwanafunzi, wakati kuna hospitali itakayomlipa mara mbili au tatu ya hiyo? Na akimaliza hapati ubobezi, si wa moyo wala wa figo. Hakuna mtihani wa bodi mwishoni, wala cheti kipya cha ABIM, bodi ya Marekani inayothibitisha mabingwa wa magonjwa ya ndani.

Wana haki ya kuuliza. Kama nia yako ni kutibu na kufundisha wanafunzi wodini, usijisumbue. Hospitali za vyuo vikuu huajiri mabingwa waliotoka moja kwa moja kwenye mafunzo, na wengi wao ni walimu hodari. Feloshipu hii inamfaa anayetaka utafiti uwe kazi yake, au kutunga mitaala, au kurekebisha namna hospitali inavyohudumia watu, huku akibaki na wagonjwa wake. Ule mshahara unaouacha ndio bei ya muda. Sasa hakikisha muda wenyewe unaupata.

Nilipokuwa kwenye usaili niliomba kila mahali nionyeshwe ratiba ya wiki ya daktari aliye mwaka wa kwanza. Si ile ya kwenye kipeperushi, ile iliyo kwenye simu yake. Programu moja, yenye jina kubwa kuliko zote nilizotembelea, iliandika kwamba asilimia 80 ya muda ni utafiti. Kwenye simu ya kijana wao, Jumatatu ilikuwa ya kliniki. Jumanne mchana anasimamia madaktari walio mafunzoni. Jumatano yote ni darasa la epidemiolojia na takwimu. Alhamisi ana kliniki nyingine, ya kumshikia daktari aliye likizo ya uzazi, “kwa muda tu”. Ijumaa ina kikao cha idara asubuhi. Nilimuuliza anaandika saa ngapi, akacheka. Programu hiyo niliifuta kwenye orodha jioni ile ile.

Baada ya ratiba, mtazame mlezi, yaani mtafiti atakayekuongoza. Watu huhesabu machapisho yake. Mimi nashauri uulize watu 3 wa mwisho aliowalea wako wapi sasa, kisha uwapigie simu bila yeye kuwepo. Swali zuri la kuwauliza ni hili: mkiandika pamoja, rasimu ilikuwa ikikaa kwake muda gani? Mlezi mwenye sifa nyingi anayerudisha rasimu baada ya miezi miwili atakulia muda wote wa feloshipu. Na awe na ruzuku yake mwenyewe pamoja na data zilizokwisha kukusanywa, maana miaka 2 ni kidogo kuliko inavyosikika. Ukitaka kuandikisha wagonjwa wapya, kibali cha kamati ya maadili peke yake kinaweza kula msimu mzima. Data za madai ya malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, nazo zina mikataba na foleni yake. Zile za NHANES, utafiti wa kitaifa wa afya na lishe, zinapatikana bure, unaweza kuanza leo usiku. Si ajabu kuona kazi nyingi za kwanza za watu zimetoka humo.

Mlezi wangu alidai ukurasa mmoja wa malengo kabla sijamaliza mwezi wa kwanza, kwa mtindo ule ule NIH, taasisi za serikali za utafiti wa afya, inaoutaka kwenye maombi ya ruzuku. Nilikuwa na malengo manne kuhusu dawa za presha. Aliusoma kwa penseli na kila lengo akauliza: jibu likiwa ndiyo, nani atabadilisha nini kliniki? Na likiwa hapana? Matatu hayakuwa na jibu la swali la pili, akayakata. Lile moja lililobaki ndilo nililofanyia kazi hadi mwisho.

Shahada ya uzamili mara nyingi huja pamoja na feloshipu, ya afya ya jamii au ya utafiti wa kitabibu, na ada kwa kawaida hulipwa na programu. Ichukue, ila kwa ajili ya takwimu. Masomo mengine utayasoma mwenyewe ukiyahitaji.

Sasa lile ambalo wenzangu waliotoka nje ya Marekani hugundua wakiwa wamechelewa. Nafasi nyingi hulipwa na ruzuku za mafunzo za serikali, zile za T32, na sheria yake inataka uwe raia au mkazi wa kudumu. Mwenye visa ya muda ya J-1 au H-1B hazimhusu, hata mkurugenzi ampende vipi. Nafasi za Idara ya Maveterani nazo huwapa raia kipaumbele. Kwa hiyo barua pepe yako ya kwanza iulize waziwazi: nafasi hii inalipwa na fungu gani? Kuna programu zinazolipiwa na chuo chenyewe au na wakfu, na hizo ndizo za kuanzia. Onana na ofisi ya visa kabla ya usaili.

Ukazi huo huo utakufuata mbele. Ruzuku ya K23 ya NIH, ya kumjenga daktari mtafiti, ambayo wengi huiombea wakielekea kuwa maprofesa wasaidizi, ina sharti hilo, na inataka angalau asilimia 75 ya muda wako iende kwenye utafiti. Idara isiyo tayari kukuandikia kwamba itakuachia muda huo imekwisha kukujibu.

Kuhusu tarehe, usisubiri mfumo wa pamoja kama wanavyofanya wa moyo. Programu nyingi hupokea maombi zenyewe, kila moja kwa wakati wake. Anza kuandikia wakurugenzi mwaka wa 2 wa ubingwa, na uambatanishe ule ukurasa wa malengo hata kama bado ni mbovu. Wanaoujibu kwa maswali, nenda kawaone.