Kila sentensi inaanza "Kuku ana"

Mwalimu mwenzangu pole, hao wa darasa la tatu wanaoandika "Kuku ana... Kuku ana..." mpaka ukurasa unaisha, hata wangu walikuwa hivyohivyo. Usianze na kalamu kabisa, watoe nje wamwangalie kuku mwenyewe anavyochakura, waongee weee. Halafu andika ubaoni Kuku huatamia mayai siku 21, waigeuze: Baada ya siku 21, vifaranga hutoka. Au waanze na swali, Je, kuku ana meno? Kwa kuwa hana, humeza vijiwe vinavyosaga chakula kwenye firigisi. Hapo kwenye "kwa kuwa" ndo kaa sana, hata wiki nzima, maana mtoto akishazoea kutoa sababu sentensi zinarefuka zenyewe. Tahajia utasahihisha baadaye, wino mwekundu unawatisha jamani.