Jibu: Filamu ya haki za binadamu Manyatta – pangeni saa kwanza, projekta baadaye

Mleta uzi anasema kikundi chao cha Manyatta, Kisumu, kinataka kuonyesha filamu ya dakika 90 kuhusu polisi na waandamanaji, uwanjani, kuanzia saa 1 usiku, kisha watu wazungumze. Anauliza wakodi vifaa gani, kibali kinatoka wapi, na wanaokuja wapewe nauli au la. Wengi mmemjibu kuhusu projekta. Hilo ndilo jepesi. Kinachoharibu shughuli za namna hii ni saa.

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara amjulishe OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa eneo hilo siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano. Ilani iwe na majina kamili na anwani za waandaaji, tarehe, mahali na saa, na saa yenyewe iwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Sasa tazameni Kisumu: jua huzama karibu saa 12 na nusu au baadaye, na giza la kutosha kuona picha kitambaani haliji mpaka karibu saa 1. Yaani filamu ya uwanjani inaanza kuonekana wakati saa za sheria zimekwisha zamani. Askari akija kuwatawanya hahitaji kusema neno lolote kuhusu filamu yenu. Ataonyesha saa tu.

Kwa hiyo ingieni ukumbini, mchana. Ilani pelekeni hata hivyo. Mkutano wa wanachama wa shirika lililosajiliwa una nafuu yake kisheria, lakini mkishabandika bango Kondele kumwalika kila mpita njia, jihesabuni kuwa mna mkutano wa hadhara. Na kumbukeni ni ilani, si ombi. Kifungu cha 37 cha Katiba kimeshawapa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Chapisheni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Wakikataa kugonga, andikeni jina la aliyekataa, tarehe na saa, kisha tumeni nakala kwa posta ya rejista. Siku ya shughuli, nakala hiyo ikae mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana, aliye mlangoni.

Upande wa filamu yenyewe, barua ya mwenye haki ni lazima. Kulipia filamu mtandaoni kunakuruhusu kuitazama nyumbani, si kuwakusanyia watu 100. Mwandikieni mtayarishaji, mtajieni mahali, tarehe, idadi ya watu na kwamba hakuna kiingilio. Watayarishaji wengi wa filamu za haki hukubali bure au kwa ada ndogo. Katika barua hiyohiyo muulizeni kama filamu imeainishwa na KFCB, bodi ya kuainisha filamu, kwa sababu Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inahitaji hivyo kwa maonyesho ya hadharani. Msidhani mada yenu ni ndogo mno kutazamwa: Aprili 2025, onyesho la Nairobi la makala ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa kwenye Bunge Juni 25, 2024 lilifutwa, waandaaji wakisema kuna shinikizo kutoka kwa wakubwa. Mwenye ukumbi aelezwe mada kwa maandishi mapema. Akiisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari, atarudisha pesa na kufunga mlango.

Vifaa, kwa haraka. Ukumbi uliotiwa giza na kitambaa cha upana wa mita 3 unahitaji projekta ya lumeni 3,000 hadi 4,000. Ukingo wa chini wa kitambaa uwe mita 1.5 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya mbele vinakula maandishi ya tafsiri. Chagueni ukuta ambao hautazamani na mlango. Mlango ukitazamana na kitambaa, kila anayeingia anaifuta picha. Msizibe madirisha yote kwa nailoni nyeusi, maana watu 100 chini ya mabati ya Kisumu saa 8 mchana watatoka kabla ya nusu. Zibeni ya mbele, karibu na kitambaa, ya nyuma yaacheni wazi na kitambaa cheusi kikining'inia mbele yake bila kubana. Spika mbili za inchi 12 juu ya stendi, maiki mbili zisizo na waya na moja ya waya kwa dharura. Stima ikipotea, jenereta ya kVA 2.5 inabeba yote hayo na akiba, ila ikae mbali na ukumbi, moshi na kelele upande upepo unakoelekea. Projekta na kompyuta zipitie UPS (betri ya akiba) ili stima ikikatika msirudi mwanzo wa filamu.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kutegemea intaneti: filamu iwe ndani ya kompyuta, na nakala kwenye flashi. La pili ni faili la maandishi ya tafsiri. Filamu ikiitwa haki.mp4, faili liitwe haki.srt na vikae folda moja, la sivyo programu ya VLC haitalipata lenyewe na mtaanza kutafuta mbele ya watu. Spika zikivuma, chomoeni chaja ya kompyuta. Mara nyingi mvumo unapitia hapo. Haya yote yajaribiwe jana yake ukumbini, si nyumbani.

Lugha ndiyo mahali ambapo waandaaji hubana matumizi na kuumia. Filamu ya Kiingereza yenye maandishi ya Kiingereza inawabakiza vijana wa chuo peke yao. Tafsirini maandishi kwa Kiswahili au Dholuo, mistari miwili tu kwa wakati mmoja. Kama hamna muda huo, wekeni mtu wa kusimulia kwa maiki kama wale ma-DJ wa movie, lakini awe ameitazama filamu mara kadhaa na kuandika atakayosema. Anayetafsiri kwa kubahatisha atageuza "anashukiwa" kuwa "aliua", na hapo mmeshaingia kwenye kesi ya kuchafuliana jina. Machi hadi Mei, mvua ya alasiri ikipiga mabati, hakuna spika itakayoshinda. Maandishi ya kusoma ndiyo yatawaokoa.

Dakika 90 ni nyingi. Ombeni toleo fupi kwa mwenye filamu, watayarishaji wengi wanalo la dakika 50 hivi, wala msikate wenyewe. Mkianza saa 8 kamili, saa 9 filamu imekwisha na mna saa moja na robo ya mazungumzo bila kukimbizana na jua. Wageni wa mezani wawili watosha: mmoja anayejua sheria, mmoja anayejua mtaa. Filamu ikiisha msimpe mgeni maiki mara moja. Mwezeshaji awaambie watu wageukie jirani na kuzungumza dakika 3, kisha afungue ukumbi. Bila hivyo watakaosema ni walewale wanaume watano wa kila mkutano. Maiki ishikwe na mhudumu, dakika 2 kila mtu. Mgombea wa siasa akija, apewe kiti na salamu, maiki asipewe. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi (kamati za usalama za mtaa) waalikwe, wasiwe wenyekiti.

Katika ukumbi wa Kisumu huenda yuko mzee anayekumbuka Oktoba 25, 1969, umati ulipopigwa risasi pale hospitali ya Russia, na mama aliyefiwa katika ghasia za uchaguzi wa 2007 au 2017. Tangazeni kabla ya kuzima taa kwamba kuna picha za risasi na damu, acheni mlango mmoja usiofungwa, na wekeni mshauri nasaha kwenye chumba cha pembeni. Aliyefiwa asiombwe kusimulia papo hapo. Picha za nyuso zisipigwe bila ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nyinyi pia. Kwa hiyo orodha ya waliohudhuria isiwe na nambari za kitambulisho, hata mfadhili akiitaka.

Mezani karibu na mlango wawepo watu wa kupokea malalamiko: IPOA (mamlaka ya kuchunguza polisi) kwa mambo ya polisi, KNCHR (tume ya taifa ya haki za binadamu), na wakili wa msaada wa kisheria. Waeleze mambo ya kushikika, kama fomu ya P3 (ya polisi, inayojazwa na daktari) kwa aliyejeruhiwa, au kwamba ombi la habari kwa ofisi ya umma chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21, na saa 48 kama linagusa uhai au uhuru wa mtu.

Nauli: msitangaze kwenye bango, mtajaza ukumbi kwa watu wanaosubiri bahasha. Warudishieni mlioalika kutoka mbali, kama Seme au Nyakach, kwa orodha ya pembeni yenye sahihi. Wengine wapate chai na mandazi, yatolewe mazungumzo yakianza. Yakitolewa mapema watu hula na kwenda zao, yakisubiri mwisho wanatazama jikoni badala ya kusikiliza.