Shangazi, mwanangu wa nevi kanyamaza wiki tatu

*Shangazi shikamoo,*

*Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Kibosho. Kitinda mimba wangu alipata bahati nasibu ya Green Card akaenda Marekani, na mwaka wa pili akaingia jeshi lao la majini. Sasa yuko kwenye manowari ambayo kituo chake kiko Japani. Mwaka wa nne huu hajakanyaga nyumbani. Desemba hii alisema anakuja. Nimewaambia watu wote, nyumba nimepaka rangi, beberu nimenunua. Mwezi uliopita akapiga kusema safari imeongezwa, haji. Nikamuuliza meli iko wapi, hasemi. Inarudi lini, hasemi. Kwa hasira nikamwambia, "Sema tu umetusahau." Akanyamaza, mara simu ikakatika. Tangu siku ile, wiki tatu, ujumbe wangu WhatsApp una tiki moja. Nampigia kila usiku baada ya taarifa ya habari, hapatikani. Wifi yangu anasema ameoa huko na mke ndiye anamzuia. Baba yake ana presha, chakula hakipandi. Nimeweka picha yake na jina la meli Facebook nikiomba anayemfahamu anisaidie. Je, ameniblock? Nimwambie aache hiyo kazi arudi?*

*Mama Kitinda Mimba, Kibosho*

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla hujasoma zaidi, ingia Facebook uifute ile picha. Nenda, nakungoja.

Umefuta? Haya. Mimi pia jina la meli uliloniandikia nimeliondoa kwenye barua yako. Mwanao hakufichi wewe. Askari wa majini haruhusiwi kumwambia mtu meli iko wapi, inaelekea wapi, wala itatia nanga lini, na katazo hilo halimwachi mama mzazi. Wamarekani tangu Vita Vikuu vya Pili wana usemi wao kwamba mdomo uliolegea huzamisha meli. Sasa wewe unamuuliza "uko wapi" kila anapopiga, yeye anabaki hapo katikati ya mama na kamanda, na akinyamaza unasema amebadilika.

Lingine kuhusu ile picha. Matapeli wanawatafuta akina mama wa namna yako kwa tochi. Kesho utapata ujumbe wa "mkubwa wake wa kazi" anayeomba dola mia tatu za kumlipia likizo. Likizo ya mwanajeshi wa Marekani hailipiwi na mama yake. Ukiona ujumbe huo, usijibu hata salamu.

Sasa tiki moja. Ni kweli mtu akikublock unaona tiki moja, lakini unaona tiki hiyo hiyo simu yake ikiwa imezimwa au haina mtandao. Kipimo chake ni rahisi. Baba yake amtumie salamu kwa simu yake, na yule mpwa wako aliyeko Dar naye atume. Wote wakipata tiki moja, hujablokiwa na mtu. Meli ndiyo imezimwa mtandao. Hilo hutokea, na hutokea ghafla, mtu akiwa katikati ya sentensi. Manowari ikiwa kwenye kazi nyeti wanakata intaneti ya watu wote, na hata mmoja wao akiumia vibaya au kufariki wanaikata mpaka ndugu zake wawe wameambiwa rasmi, wasije wakasikia mitandaoni. Kwenye zile manowari kubwa za kubeba ndege wanakaa watu wapatao 5,000. Wakikata, ni akina mama 5,000 wanaotazama tiki moja usiku huo, na bila shaka wapo wengi waliomaliza mazungumzo vibaya kama wewe.

Kwa hiyo simu iliyokatika baada ya maneno yako, yawezekana kabisa hakuikata yeye.

Wifi yako mwache na nadharia zake.

Na hilo la safari kuongezwa usilione kama kisingizio. Mwaka 2023 meli yao kubwa kuliko zote, Gerald R. Ford, iliondoka Norfolk mwanzoni mwa Mei. Ikaongezewa muda, ikaongezewa tena, na ikarudi katikati ya Januari 2024. Wale mabaharia nao walikuwa wameahidi watu Krismasi. Mwenye kujua tarehe ya kurudi si kijana wa cheo cha chini, na wakati mwingine hata nahodha anaambiwa kama wengine.

Lakini nirudi kwenye lile neno lako, maana barua yote nimeisoma mara tatu na mara zote nimekwama hapo. "Sema tu umetusahau."

Kaka yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo miaka ya themanini. Mama yetu alikuwa akishuka mjini kila Jumatatu kwenda kuangalia sanduku la posta, na akikuta halina kitu anarudi kwa miguu ili tusimwone akilia kwenye gari. Siku moja akamwandikia kaka barua kali sana. Ilimfikia baada ya miezi miwili, wakati yeye mama ameshasahau hasira yenyewe. Kaka alituambia miaka mingi baadaye kwamba aliisoma kwenye zamu ya usiku, akaikunja, na hakuandika nyumbani mwaka mzima, kwa sababu hakujua aanzie wapi. Mama alikufa akiamini ni ubishi. Kaka alikuwa na aibu tu.

Mwanao analala kwenye kitanda chembamba, vitatu vimepangwa kimoja juu ya kingine, na faragha yake ni pazia. Akiongea na wewe kuna watu kushoto, kulia na juu yake. Ndiyo maana kila ukimuuliza habari anakujibu "niko poa, mama." Utalia vipi mbele ya wanaume ishirini? Na zaidi ya hapo, yeye ni Mchagga ambaye hatafika nyumbani Desemba. Hebu tuseme ukweli sisi kwa sisi. Barabara ya Dar hadi Moshi inavyojaa wiki ya Krismasi, mtu asiye na nauli anakopa aende. Asiyeenda anajua anavyozungumzwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Na huyu ni kitinda mimba, ambaye kwa mila nyumba ya baba na mama ni ya kwake. Unadhani hajui hilo? Analijua kuliko wewe, na ulipomwambia amesahau, ulimgusa panapouma.

Kwa hiyo kamwombe radhi. Usijieleze, usimkumbushe ada ulizolipa wala beberu. Nenda mpakani mwa kihamba, shamba lenu la ukoo, chuma isale, lipige picha mkononi mwako, mtumie. Chini yake andika: "Nilikosea, mwanangu. Hujasahau." Basi. Mtoto aliyelelewa Kibosho hahitaji kuelezwa maana ya isale. Kwetu hata aliyeuliwa ndugu akiletewa jani hilo huona haya kukataa kusamehe. Itabaki na tiki moja, siku tatu, labda kumi. Mtandao ukirudi ndiyo itakuwa ya kwanza kufunguka, kwa sababu picha moja ni nyepesi.

Baada ya hapo badilisha namna ya kuongea naye. Wewe unapiga baada ya taarifa ya habari, yaani saa mbili usiku. Kwa saa za Japani hiyo ni saa nane usiku, wako saa sita mbele yetu. Meli ikiwa bandarini kwao, piga saa sita mchana, kule ni saa kumi na mbili jioni. Ikiwa baharini usipige kabisa. Mtumie vitu vinavyoweza kusubiri. Video ya harusi ya dakika kumi haitafunguka, mtandao wa melini hauna ubavu huo. Sauti ya nusu dakika itafika.

Na katika sauti hiyo usiulize kitu. Najua ni vigumu, sisi akina mama tunasalimia kwa maswali: umekula, umelala, unaumwa, unarudi lini. Wewe mpe habari. Mwambie ng'ombe amezaa dume. Mwambie Kibo, kilele cha mlima wetu, leo asubuhi ilikuwa wazi yote, halafu saa tatu ikajifunika. Rekodi mvua ikipiga bati, usiseme neno. Rekodi wewe na baba yake mkibishana kama mtori umezidi maji. Hayo unayoyaona si habari ndiyo ambayo hayapati kokote, kule anakosikia mitambo saa ishirini na nne. Misiba mwambie, usimfiche, ila usimwambie kwa vipande: "kuna jambo, tutaongea" ni mateso kwa mtu ambaye hawezi kupiga.

Ukiweza, mwandikie pia barua ya karatasi. Akipata mtandao atakupa anwani ya posta ya jeshi, ile yenye herufi FPO AP. Inahesabiwa kuwa anwani ya Marekani hata kama meli iko Asia, kwa hiyo usije ukaandika Japani kwenye bahasha. Itachukua wiki nyingi. Lakini karatasi haihitaji mtandao, na inakaa chini ya mto.

Kuna mambo mawili ya kuweka sawa. La kwanza, mwombe ahakikishe fomu yake ya taarifa za dharura jeshini ina jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya simu unayotumia sasa, kijiji, kitongoji na parokia. Kibosho nzima inakufahamu kwa jina la mtoto wako wa kwanza, ila Wamarekani hawana habari hiyo. Na ukibadilisha laini ya simu, yeye awe mtu wa kwanza kujua. Faida ya fomu hiyo kwako ni hii: likimpata jambo, wewe utatafutwa rasmi. Kama hujatafutwa, ukimya ni ukimya tu, si msiba.

La pili ni baba yake. Presha yake ikipanda hadi kulazwa, usitegemee WhatsApp. Msalaba Mwekundu wa Marekani una huduma ya saa 24, bila malipo, ya kumfikishia askari ujumbe wa dharura hata akiwa katikati ya bahari. Ndugu yeyote aliyeko Marekani anaweza kuwapigia, au mkawasiliana nao kwa tovuti yao. Watataka jina kamili la kijana, tarehe ya kuzaliwa, cheo na meli, na watataka kuthibitisha kwa daktari aliyemwona mgonjwa. Andika hayo yote kwenye karatasi leo, uiweke kwenye Biblia. Wao wanapeleka ujumbe tu. Ruhusa ya kuja anatoa kamanda wake, na anaweza kukataa. Na tafadhali, usiitumie huduma hii kwa sababu una hamu naye. Siku ya kweli itakuja.

Kuacha kazi? Hapana. Amesaini mkataba wa miaka, na kuondoka bila ruhusa ni kosa analoweza kufungwa kwalo. Usimtie mtoto majaribuni kwa sababu ya midomo ya ukoo.

Sasa Desemba. Ukoo ukiuliza, jibu ni moja: "Yuko kazini, likizo yake bado." Usiongeze neno, usiombe radhi kwa niaba yake. Na ni kweli likizo bado ipo. Wanapata siku 30 kwa mwaka, na hazifutiki kwa kuwa Krismasi imepita. Anaweza kutua uwanja wa ndege wa KIA mwezi wa tatu wakati wa masika, matope hadi magotini, hakuna mgeni hata mmoja, mkawa naye nyumbani ninyi watatu peke yenu. Mimi ningeichagua hiyo, lakini mimi sipendi watu wengi.

Beberu usimchinje. Shemeji zako watakuja tarehe 24 wakimwangalia kwa jicho la ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, waambie ana mwenyewe. Wape kuku. Kisha umpige picha akiwa amenona, umtumie kijana, na umwandikie tu kwamba huyu naye ameongezewa muda.