Don't: neno moja au mawili?

Mzazi, umeuliza kwa sababu mwalimu aliihesabu don't (do not kwa ufupi) kama maneno mawili kwenye insha ya mwanao. Kwa kuhesabu, ni moja. Kompyuta hufuata nafasi kati ya maneno, kwa hivyo mwalimu huyo amekosea. Kwa sarufi ndipo inapogawanywa: do ni kitenzi kisaidizi, not ni kielezi. Nasomesha Kiingereza huku Kisauni, na wanafunzi wangu hukwama papo hapo kila muhula.

Ila mwaka 1983 wanaisimu Zwicky na Pullum walitetea kwamba n't ni kiambishi tamati, yaani kipande kinachobandikwa mwishoni mwa neno, si not iliyofupishwa tu. Mimi naafikiana nao. Waingereza husema Don't you know?, lakini leo hawasemi Do not you know? Na won't (will not) je, hiyo will iko wapi ndani yake?